Mikanda Waliyonyimwa: Kwa Nini Mabondia Wakubwa wa Zamani Wamesahaulika

Hakuna mchezo unaowasahau wakubwa wake kwa wepesi kama ngumi, na sababu kuu ya jambo hilo imo katika namna mchezo wenyewe unavyoendeshwa. Mkimbiaji hushindana na saa, na muda alioukimbia huandikwa ukabaki. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwezi Februari 1974, hawezi kufutwa katika historia ya riadha, ingawa miaka miwili baadaye hakwenda kwenye Olimpiki ya Montreal. Bondia hana saa ya kumshuhudia. Ukubwa wake hupimwa kwa watu aliopigana nao, na watu hao hukutana naye pale tu wanapokubali wao na mameneja wao, pale promota, yaani mtu anayeandaa pambano na kuligharamia, anapoona kuna faida, na pale mamlaka za mahali hapo zinapotoa kibali. Mmoja wa hao akikataa, pambano halipo, na pambano lisilokuwapo haliachi alama yoyote katika vitabu.

Juu ya hayo, mchezo huu umeweka kumbukumbu yake karibu yote katika kitu kimoja, nacho ni mkanda, yaani mshipi wenye mabamba ya chuma anaokabidhiwa bingwa wa uzito fulani. Mpenzi wa ngumi anayetaka kujua historia huanza na orodha ya mabingwa wa dunia, hasa wa uzito wa juu, na mara nyingi huishia hapohapo. Orodha hiyo ina majina makubwa yanayostahili heshima yote yanayopewa, lakini ni orodha ya waliopata nafasi ya kuugombea mkanda, na nafasi hiyo iligawanywa mezani, katika mikataba, kabla ya mtu yeyote kuvaa glavu. Kusahaulika kwa mabondia wengi wakubwa kulianzia kwenye meza hiyo, wao wakiwa bado hai na wakiwa na nguvu zao zote.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Sam Langford. Alizaliwa katika miaka ya 1880 huko Weymouth Falls, jimbo la Nova Scotia nchini Kanada, akaondoka kwao angali kijana mdogo na hatimaye akafika Boston, Marekani, ambako Joe Woodman, mwenye duka la dawa, alimchukua na kuwa meneja wake. Alikuwa mfupi, kiasi cha sentimita 170, lakini mabega yake yalikuwa mapana, mikono yake ilikuwa mirefu kuliko kimo chake kilivyoahidi, na konde lake la mikono yote miwili liliogopwa na wanaume waliomzidi kwa kilo nyingi. Mwezi Desemba 1903, akiwa hajatimiza hata miaka miwili katika ngumi za kulipwa, yaani zile zinazopiganwa kwa malipo, alimshinda kwa pointi Joe Gans, bingwa wa dunia wa uzito mwepesi, mtu ambaye wataalamu wengi humhesabu miongoni mwa mafundi wakubwa kuliko wote waliowahi kupanda ulingoni. Mkanda haukushindaniwa usiku huo, kwa kuwa Langford alizidi kilo zilizowekwa. Mwaka uliofuata alitoka sare ya raundi 15 na Joe Walcott wa Barbados, bingwa wa uzito wa welter, na kwa sare hiyo Walcott akabaki na mkanda wake. Mwaka 1910, mjini Philadelphia, alizipiga raundi sita na Stanley Ketchel, bingwa wa uzito wa kati, na pambano hilo nalo halikuwa la ubingwa. Mtu mmoja alisimama mbele ya mabingwa wa uzito mwepesi, wa welter na wa kati, na hakuna hata mmoja aliyemtoa ulingoni kwa aibu, lakini jina lake halimo katika orodha yoyote kati ya hizo tatu.

Lililo zito zaidi ni suala la uzito wa juu. Mwezi Aprili 1906, huko Chelsea, Massachusetts, Langford alipigana na Jack Johnson, akashindwa kwa pointi baada ya raundi 15, huku Johnson akiwa amemzidi kwa zaidi ya kilo kumi. Johnson naye wakati huo alikuwa akizuiwa na kile kilichojulikana kama mstari wa rangi, desturi ambayo kwayo bingwa mzungu alitangaza hadharani kwamba hatapigana na mtu mweusi, na watu wakaiona desturi hiyo kuwa jambo la heshima badala ya kuiona kuwa woga. Johnson aliuvuka mstari huo tarehe 26 Desemba 1908 mjini Sydney, alipompiga Tommy Burns na kuwa mtu mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Kwa Langford hiyo ingekuwa siku ya matumaini, kwa maana bingwa sasa alikuwa mtu aliyewahi kukutana naye na anayejua maana ya kufungiwa mlango. Hata hivyo, katika miaka yote zaidi ya sita ya ubingwa wake, Johnson hakumpa Langford nafasi. Alimpa nafasi bondia mweusi mmoja tu, Battling Jim Johnson, mjini Paris mwezi Desemba 1913, wakatoka sare. Hesabu ya Jack Johnson ilikuwa ya fedha: umma wa wazungu ulikuwa tayari kulipa fedha nyingi kumwona akipigwa na mzungu, lakini pambano la weusi wawili lingeleta mapato madogo na hatari kubwa. Hesabu hiyo inaeleweka, na mwanahistoria hana haki ya kumdai Johnson ushujaa zaidi ya ule mkubwa aliokwisha kuuonyesha. Lakini ni lazima isemwe waziwazi kwamba Langford alinyimwa mkanda mara mbili, kwanza na wazungu waliomkataa kwa rangi yake, kisha na mweusi mwenzake aliyemkataa kwa sababu ubaguzi ulikwisha kuondoa faida katika pambano lao.

Matokeo ya kufungiwa huko ni kwamba mabondia weusi wa uzito wa juu walibaki kupigana wao kwa wao, mji kwa mji na mwaka kwa mwaka. Langford, Joe Jeannette, Sam McVea na baadaye Harry Wills walikutana mara nyingi kiasi ambacho watunza rekodi hadi leo hawakubaliani juu ya idadi, ingawa ni hakika kwamba Langford alizipiga zaidi ya mara kumi na kila mmoja wa hao watatu. Walikuwa na taji lao lililoitwa ubingwa wa dunia wa weusi, ambalo Langford alilishika zaidi ya mara moja na ambalo vitabu vingi vya ngumi havikulihesabu kabisa. Ili msomaji apate picha ya kiwango cha mapambano hayo, inafaa kulitazama kwa karibu lile la Jeannette na McVea lililofanyika Paris tarehe 17 Aprili 1909. Hapakuwa na kikomo cha kawaida cha raundi. Ilikubaliwa wapigane mpaka mmoja ashindwe kuendelea. McVea alitawala mwanzoni na kumwangusha Jeannette tena na tena, zaidi ya mara ishirini kwa jumla, na kila mara Jeannette alinyanyuka kabla ya mwamuzi kumaliza kuhesabu. Kadiri saa zilivyokwenda, macho ya McVea yalivimba mpaka karibu kuzibika, na aliyekuwa akiangushwa akaanza kuangusha. Raundi ya 49 ilipokwisha, baada ya zaidi ya saa tatu, McVea alirudi kwenye kona yake, akaketi, na kengele ilipolia kwa raundi ya 50 hakuweza kunyanyuka kitini. Ni vigumu kutaja katika karne nzima ya ishirini pambano jingine la uzito wa juu lililodai moyo kama huo, na bado mpenzi wa kawaida wa ngumi anayeweza kutaja mapambano matatu ya Muhammad Ali na Joe Frazier kwa tarehe na mahali hajawahi kusikia habari zake.

Langford aliendelea kupigana muda mrefu kupita inavyostahili mwili wa binadamu. Mwaka 1917 mjini Boston aliumizwa jicho vibaya katika pambano na Fred Fulton, na tangu hapo macho yake yalizidi kufifia, lakini hakuwa na akiba wala kazi nyingine, kwa hiyo alipanda ulingoni akitegemea kumgusa mpinzani ili ajue alipo. Mwaka 1923, akiwa karibu kipofu, alishinda taji la uzito wa juu la Mexico. Alistaafu mwaka 1926 baada ya mapambano zaidi ya mia mbili yanayojulikana. Mwaka 1944 mwandishi Al Laney wa gazeti la New York Herald Tribune alianza kumtafuta, na baada ya kuambiwa na watu kadhaa kwamba Langford alikwisha kufa, alimkuta Harlem, katika chumba cha kupanga, kipofu kabisa na bila fedha. Makala yake iliwagusa wasomaji, wakachanga fedha za kumtunza mzee huyo, naye akaishi mpaka mwezi Januari 1956. Jumba la Kimataifa la Heshima la Ngumi lililoko Canastota, jimbo la New York, lilipopokea kundi lake la kwanza mwaka 1990, Langford alikuwamo. Heshima hiyo ilikuwa ya kweli, lakini ilitolewa na wataalamu kwa wataalamu.

Baada ya Johnson kupoteza mkanda kwa Jess Willard mjini Havana mwezi Aprili 1915, mlango ulifungwa tena kwa miaka 22, mpaka Joe Louis alipompiga James Braddock mjini Chicago mwezi Juni 1937. Aliyeumia zaidi katika kipindi hicho ni Harry Wills wa New Orleans. Kwa miaka kadhaa alikuwa ndiye mpinzani wa kwanza anayestahili kumkabili bingwa Jack Dempsey, mikataba ikatiwa saini, mamlaka za ngumi za New York zikashinikiza pambano lifanyike, na mwaka 1925 Wills akalipwa dola 50,000 za awali kwa pambano ambalo halikufanyika kamwe. Promota Tex Rickard, aliyeandaa pambano la Johnson na Jim Jeffries mjini Reno mwaka 1910 na kuona ghasia za kibaguzi zilizofuata na kuua watu katika miji mbalimbali ya Marekani, hakutaka kurudia jambo hilo. Wills alibaki na fedha zake, na kumbukumbu ikabaki na Dempsey.

Sababu ya pili ya usahaulifu haihusu rangi moja kwa moja, ingawa nayo inaanzia palepale, na hii ni sheria. Msomaji wa leo akifungua rekodi ya bondia wa miaka ya 1910 hukuta mapambano mengi yaliyoandikwa kuwa hayana uamuzi, naye hudhani kwamba wapinzani walilingana au kwamba pambano halikuwa la maana. Ukweli ni kwamba katika majimbo kadhaa ya Marekani ilikuwa marufuku kutangaza mshindi. Sheria ya Frawley, iliyotumika New York kuanzia 1911 hadi 1917, iliruhusu mapambano ya raundi zisizozidi kumi lakini ikakataza waamuzi kutoa uamuzi, kwa nia ya kuzuia kamari. Kama hakuna aliyeangushwa akashindwa kuendelea, mabondia wote wawili walishuka ulingoni bila mshindi. Waandishi waliokaa kando ya ulingo ndio walioandika kesho yake nani alikuwa bora, na maoni hayo yakaitwa uamuzi wa magazeti. Kwa waliohudhuria mambo yalikuwa wazi kabisa, lakini watunza vitabu wa baadaye waliyaacha matokeo hayo nje ya hesabu, na hivyo mamia ya ushindi yakageuka kuwa nafasi tupu. Pambano la Langford na Ketchel lilikuwa la aina hiyo.

Aliyepotelea zaidi katika nafasi hizo tupu ni Harry Greb wa Pittsburgh, aliyepigana mapambano yapatayo 300 kati ya 1913 na 1926. Alikuwa wa uzito wa kati, lakini alikubali kupigana na yeyote, mweupe kwa mweusi, mwepesi kwa mzito, na mara nyingine alipanda ulingoni mara kadhaa kwa mwezi mmoja. Tarehe 23 Mei 1922, katika ukumbi wa Madison Square Garden, alimvunja Gene Tunney pua katika raundi ya kwanza, akampiga kwa raundi 15 huku damu ikimtoka Tunney mfululizo, akamnyang'anya ubingwa wa Marekani wa uzito wa juu mwepesi. Hilo ndilo pambano pekee ambalo Tunney alipoteza maishani mwake, na ni Tunney huyohuyo aliyemshinda Dempsey mara mbili, mwaka 1926 na 1927. Katika miaka yake ya mwisho Greb alikuwa akiona kwa jicho moja tu, siri aliyowaficha madaktari wa ngumi. Mwezi Februari 1926 alipoteza mkanda wa uzito wa kati kwa Tiger Flowers, mtu mweusi wa kwanza kuushika mkanda huo, na mwezi Oktoba mwaka huohuo akafa baada ya upasuaji. Flowers naye alikufa mwaka uliofuata, pia baada ya upasuaji.

Kizazi cha leo hakiwezi kumwona Greb akipigana. Hakuna filamu ya pambano lake hata moja inayojulikana kuwapo. Vilivyobaki ni vipande vifupi vya mazoezi, ambamo anacheka na kucheza mbele ya kamera. Hapa pia sheria ilichangia. Mwaka 1912 Bunge la Marekani lilipiga marufuku kusafirisha filamu za ngumi kutoka jimbo moja kwenda jingine, na kila mtu alijua kwamba lengo lilikuwa kuzuia picha za Jack Johnson akiwapiga wazungu zisionyeshwe nchi nzima. Sheria hiyo ilidumu mpaka 1940. Filamu ziliendelea kupigwa kwa mapambano makubwa, na wengi waliivunja sheria kwa siri, lakini kwa mapambano ya kawaida ya bondia wa uzito wa kati faida ilipungua na sababu ya kuitunza filamu ikapungua pia. Maisha yote ya Greb ulingoni yaliangukia ndani ya miaka hiyo. Sheria iliyotungwa kumficha bingwa mweusi ikaishia kumficha pia mzungu wa Pittsburgh, na katika zama zetu, ambapo kijana hujifunza historia ya ngumi kwa kutazama video kwenye simu, bondia asiye na picha inayotembea ni karibu sawa na bondia ambaye hakuzaliwa.

Pittsburgh hiyohiyo ilitoa mtu mwingine ambaye mafundi wa ngumi humtaja kwa heshima na umma haumjui. Charley Burley alizaliwa mwaka 1917. Mwaka 1936 hakukubali kushindania nafasi ya kwenda Olimpiki ya Berlin chini ya utawala wa Hitler, akaenda Barcelona kwa michezo mbadala iliyopangwa kufanyika huko, ambayo ilivunjika kwa sababu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilianza wakati huohuo. Katika ngumi za kulipwa alimshinda Fritzie Zivic, aliyekuja kuwa bingwa wa uzito wa welter, na mwaka 1944 akamshinda Archie Moore, aliyekuja kuwa bingwa wa uzito wa juu mwepesi na ambaye maisha yake yote alimtaja Burley kuwa miongoni mwa walio bora kuliko wote aliowahi kukutana nao. Burley hakuwahi kupewa nafasi ya kugombea ubingwa wa dunia. Alikuwa hatari kupita kiasi na mapato yake mlangoni yalikuwa madogo kupita kiasi, na mchanganyiko huo ulitosha kuwafanya mameneja wa mabingwa waangalie upande mwingine. Alimaliza maisha yake ya kazi akikusanya taka katika jiji lake. Mtoto wa jirani yake, August Wilson, alikua na kuwa mwandishi mashuhuri wa tamthilia, na inasemwa kwamba alimchota Burley kwa sehemu alipomuumba mhusika mkuu wa Fences, mzoa taka aliyenyimwa nafasi yake katika michezo.

Kufikia hapa msomaji anaweza kudhani kwamba mkanda ukipatikana kumbukumbu huwa salama. Ezzard Charles anathibitisha kwamba sivyo, na kisa chake kinastahili kutazamwa kwa makini zaidi kwa sababu hakiwezi kuelezwa kwa ubaguzi wa wazi peke yake. Charles, aliyelelewa Cincinnati, alimshinda Burley mara mbili mwaka 1942, akamshinda Archie Moore mara tatu kati ya 1946 na 1948, na wataalamu wengi humweka juu kabisa katika orodha ya mabondia wa uzito wa juu mwepesi wa nyakati zote, ingawa katika uzito huo hakupewa nafasi ya kugombea ubingwa. Mwezi Februari 1948 mjini Chicago alimpiga kijana Sam Baroudi, ambaye alifariki kutokana na majeraha hayo, na tangu siku hiyo Charles, mtu mpole aliyepiga muziki nyumbani kwake, alikuwa mwangalifu zaidi ulingoni. Alipanda uzito wa juu, na mwezi Juni 1949 akatwaa ubingwa ulioachwa wazi na Joe Louis kwa kumshinda Jersey Joe Walcott. New York haikumtambua. Ilimtambua baada ya Septemba 1950, alipompiga Louis mwenyewe, aliyekuwa amerudi ulingoni kwa sababu ya madeni ya kodi.

Ushindi huo ndio uliomharibia jina. Louis alikuwa amependwa na Wamarekani weusi kwa weupe kuliko mwanamichezo yeyote wa zama zake, na kumwona shujaa huyo aliyezeeka akipigwa kwa raundi 15 kuliwaachia watu huzuni badala ya shangwe. Waliondoka uwanjani wakimlilia aliyeshindwa. Miaka minne baadaye Charles alikutana mara mbili na Rocky Marciano, bingwa wa wakati huo. Katika pambano la kwanza, mwezi Juni 1954, alifika naye raundi ya 15, jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliweza, na katika la pili alimpasua pua vibaya kabla ya kuangushwa raundi ya nane. Kwa hiyo historia inayosimuliwa kwa haraka hutoka kwa Louis ikaruka hadi kwa Marciano, na Charles hubaki daraja ambalo wengi wamepita bila kutazama chini. Alikufa mwaka 1975 kwa ugonjwa wa neva uliomnyima kwanza miguu na kisha kila kiungo. Kati ya wote waliotajwa katika sura hii, yeye ndiye aliyetendewa isivyo haki na watazamaji wenyewe, kwa kuwa picha zake zipo, mkanda wake upo katika orodha, na lililokosekana ni utayari wa watu kumpenda.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hii, na sehemu hiyo imeandikwa kidogo mno. Hapa sababu zinabadilika sura. Wengi wa mabondia wakubwa wa eneo hili walitamba katika ngumi za ridhaa, yaani zile zinazopiganwa bila malipo kwa ajili ya taifa, ambazo jukwaa lake kuu ni Olimpiki na Michezo ya Jumuiya ya Madola. Philip Waruinge wa Kenya alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika uzito wa unyoya mwaka 1966 na tena 1970, akapata shaba ya Olimpiki mjini Mexico mwaka 1968 na fedha mjini Munich mwaka 1972. Mwaka 1968 alipewa pia Kombe la Val Barker, tuzo anayokabidhiwa bondia aliyeonyesha ufundi kuliko wote katika Olimpiki nzima, na ni jambo la nadra kabisa kwa tuzo hiyo kwenda kwa mtu ambaye hakushinda dhahabu. Huo ulikuwa ushuhuda wa waamuzi wa dunia kwamba katika wanaume wote waliopigana Mexico, akiwamo George Foreman aliyetwaa dhahabu ya uzito wa juu, fundi alikuwa Mkenya. Shule za Kenya zingepaswa kulijua jina hilo kama zinavyolijua la Kipchoge Keino.

Stephen Muchoki ana kisa kinachouma zaidi. Alikuwa wa uzito mdogo kabisa, ule wa kilo 48. Katika mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa ridhaa, yaliyofanyika Havana mwaka 1974, alifika fainali akashindwa na Jorge Hernández wa Cuba. Katika mashindano ya pili, Belgrade 1978, akawa bingwa wa dunia. Kati ya mashindano hayo mawili kulikuwa na Olimpiki ya Montreal ya 1976, na baada yake ile ya Moscow ya 1980. Kenya haikwenda kokote. Mwaka 1976 ilisusia pamoja na nchi nyingi za Afrika kupinga New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu, na mwaka 1980 ikajiunga na Marekani kususia kwa sababu ya uvamizi wa Sovieti nchini Afghanistan. Hernández alitwaa dhahabu ya Montreal. Kususia kwa mwaka 1976 kulikuwa na sababu ya haki na hakuna haja ya kukujutia, lakini gharama yake ililipwa na watu wachache ambao mataifa yao hayakuwafidia hata kwa kuwakumbuka. Muchoki alikwenda Ulaya kupigana ngumi za kulipwa umri ukiwa umesogea, akagombea ubingwa wa dunia mjini Copenhagen mwaka 1982 dhidi ya Santos Laciar wa Argentina, akashindwa.

Ayub Kalule wa Uganda, bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1974 huko Havana, alihamia Denmark, na mwezi Oktoba 1979 akatwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu kidogo ya welter kwa kumshinda Masashi Kudo nyumbani kwao Japani. Hakuwa amewahi kushindwa katika ngumi za kulipwa mpaka alipokutana na Sugar Ray Leonard mjini Houston mwezi Juni 1981, akasimamishwa raundi ya tisa. Katika simulizi za Wamarekani amebaki kuwa hatua moja tu ya Leonard kuelekea pambano lake na Thomas Hearns lililofuata Septemba, na nyumbani Uganda watu wengi hawakumwona akipigana hata mara moja, kwa sababu kazi yake yote kubwa aliifanyia mbali. Titus Simba wa Tanzania alipata medali ya fedha ya uzito wa kati katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970, akishindwa katika fainali na John Conteh wa Uingereza, ambaye miaka minne baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa kulipwa. Conteh alikuwa na tasnia nzima ya ngumi za kulipwa ikimsubiri nyumbani, pamoja na magazeti na televisheni za kumfanya maarufu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Visiwani Zanzibar ngumi zenyewe zilipigwa marufuku baada ya Mapinduzi ya 1964, na marufuku hiyo ikadumu zaidi ya nusu karne, hivyo vizazi viwili vilikua bila kuona ulingo.

Greb hatapata filamu mpya, na Langford hawezi kurudishiwa mkanda. Kwa mabondia wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1960, 1970 na 1980 mambo bado yanawezekana, kwa sababu baadhi ya wapinzani wao, makocha wao, waamuzi na watangazaji wa redio waliosimulia mapambano yao wako hai, na picha, vyeti na vipande vya magazeti bado vimo ndani ya masanduku ya familia zao. Vyama vya ngumi, vyuo vikuu na nyaraka za taifa vina wajibu wa kuwafikia wazee hao sasa, kuwarekodi kwa sauti na kwa maandishi, na kuandika nani alipigana na nani, wapi, mwaka gani na kwa uzito gani. Familia inayomiliki picha ya pambano isiitupe wala kuiuza kabla ya kuitolea nakala, na iandike nyuma yake majina ya wote wanaoonekana.